Chokaa ya Harusi

Kama Jumapili iliyopita gazeti lilikupita, usihangaike, mambo yenyewe yako hivi. Mwanakheir wa mtaa wa Malindi, mke wa Hamad fundi seremala, ana nyumba aliyoirithi kwa marehemu baba yake, na anataka kuiuza upesi kabla mtaa haujajua kwamba mumewe keshavuka bahari kwa siri.

Hamad alichukuliwa karakanani kwake kwa neno alilolisema kwenye foleni ya unga. Alipoachiwa hakukaa. Aliaga watu kwamba anakwenda Jozani kutafuta mbao, na hivi tunavyozungumza yuko Tanga kwa ndugu zake. Ilikuwa mwaka wa sabini na moja, na Unguja nzima ilijua kwamba mtu akishasemwa kakimbia, nyumba aliyoiacha haikawii kupata wenyewe wengine, hata ikiwa ni ya mkewe.

Tulimwacha Mwanakheir juu ya ngazi anapaka chokaa ukumbini, binti yake Khamisa yuko chini anachekecha. Mlango wamesahau kuutia komeo. Na sauti imetoka nyuma yao:

"Kulikoni? Mnahama?"

Alikuwa Bi Mize, jirani wa mlango wa pili.

Mwanakheir hakugeuka mara moja. Chokaa ilimchirizika mkononi mpaka kwenye kiwiko. Bi Mize mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Tabu ni kwamba alikuwa shangazi yake Msabah, na Msabah ndiye kijana wa kamati ya mtaa aliyekuja kumchukua Hamad.

"Kuhama kwenda wapi, shoga?" Mwanakheir alisema, na kicheko alichokitoa kilimtisha mwenyewe.

"Ramadhani mbali, Idi mbali. Mtu hapaki chokaa bure siku hizi, Bi Mwanakheir. Wale wa nyumba ya kona nao walianza hivi hivi. Walipaka, wakasugua, tukawasifu. Tukaamka hawapo."

Macho ya Bi Mize yalikuwa yanatembea. Yalipita kwenye kabati lililosogezwa, yakapita kwenye busati lililokunjwa, yakarudi usoni kwa Mwanakheir.

"Harusi," alisema Mwanakheir.

"Harusi ya nani?"

"Khamisa anaolewa."

Chekeche lilimponyoka Khamisa, vumbi la chokaa likamrukia usoni. Alikaa akipepesa macho, uso mweupe mpaka kwenye kope.

Bi Mize aliweka mkono kinywani. Kisha aliuondoa, akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka bandarini.

"Na mlikuwa mnanificha! Mtoto niliyemwogesha kwa mikono yangu! Bwana harusi nani?"

"Simai," alisema Mwanakheir. Jina lilikuja lenyewe. "Mtoto wa jamaa zangu wa Tumbatu. Humjui."

"Lini?"

"Ijumaa ijayo."

"Ijumaa ijayo! Na mko wawili tu na ndoo moja!" Bi Mize alishatokea nje uchochoroni. "Enyi! Tokeni nyie! Kwa Bi Mwanakheir kuna harusi!"

Khamisa alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Mama, umenioza mtu asiyekuwapo."

"Bora asiyekuwapo," alisema Mwanakheir, akashuka ngazi, akaanza kulikunjua busati.

*

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Kazi ambayo mama na binti wasingeimaliza kwa siku nyingi, mtaa uliimaliza kwa siku mbili.

Wanawake walikuja na mifagio, ndoo na makumbi. Walisugua ngazi kwa mchanga. Walitia buluu ya kufulia ndani ya chokaa ili kuta zing'are. Mmoja alimleta mumewe, akapanda juu ya bati na kopo la lami, akaziba tundu lililomnyima Mwanakheir usingizi tangu vuli. Alikuwa hajui amwombe nani alizibe bila kuulizwa kwa nini. Sasa limezibwa, na mzibaji anamwambia hongera.

Nyumba ilipendeza. Na kila ilipozidi kupendeza, Mwanakheir alizidi kukosa raha.

Alikuwa amepanga vitu vitoke kidogo kidogo, leo sinia, kesho kiti. Badala yake vitu vilikuwa vinaingia. Mikeka ya kuazima, masufuria ya kuazima, birika la huyu, zulia la yule. Atavikimbiaje vitu vya watu? Na kila gari lililopita barabara ya bandarini lilimfanya akae kitako popote alipokuwa, mkono kifuani.

"Bi Mwanakheir, mbona huli?" aliulizwa.

"Furaha," alijibu.

Siku ile ile ya pili, kabla ya adhuhuri, mnunuzi alikuja. Alikuwa Mabrouk, muuza nyama wa Darajani, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Alikwisha kusema tangu mwanzo kwamba anataka nyumba ya kuingia na kulala, si nyumba ya kuanza kuziba ziba. Walipatana aje kimya kimya. Alikuta uchochoro umejaa wanawake wanachambua mchele.

"Mjomba wa bwana harusi huyu," alisema Mwanakheir kwa sauti ya juu, akamvuta ndani kwa kanzu kabla hajafungua mdomo.

Mabrouk alipanda ngazi anahema. Chumba cha juu aligonga ukuta kwa vidole, akatazama boriti moja moja, akasimama chini ya dari palipokuwa na doa.

"Hapa panavuja?"

"Palikuwa panavuja. Bati limezibwa jana."

"Nzuri," alisema Mabrouk. "Nyumba nzuri. Lakini nitakwambia wazi, Bi Mwanakheir. Mumeo yuko wapi?"

"Jozani. Kafuata mbao."

"Nnauliza kwa sababu n'na mwenzangu kanunua nyumba kwa mtu wa namna hii. Alilala ndani siku chache, wakaja, wakamwambia mwenyewe kakimbia, nyumba si yake wala si yako. Alitoka na godoro kichwani." Mabrouk alijipangusa shingo. "Mimi nitanunua kwa mashahidi wawili, na mmoja awe mtu wa kamati. Akitia mkono wake mtu wa kamati, nalala. Asipotia, sinunui, hata ukinipa na mlango bure."

"Mtu wa kamati," alisema Mwanakheir.

"Jumamosi alasiri nnakuja na shahidi wangu. Wa kamati mtafute wewe."

Walipofungua mlango, Bi Mize alikuwa ngazini na sinia la kahawa.

"Karibu mjomba. Lakini... huyu si Mabrouk wa nyama? Tangu lini kina Mabrouk wana watu Tumbatu?"

Mabrouk alichukua kikombe. Jasho lilimshuka puani, likadondokea kwenye kahawa.

"Kwa upande wa mama," alisema kwa ile sauti yake ndogo. Aliinywa kahawa kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza, akaondoka hata kwa heri hakuaga.

*

Alasiri ile alikuja mwenyewe.

"Hodi hodi, wenye harusi!"

Mwanakheir aliijua sauti ile. Aliisikia siku waliyomtoa Hamad karakanani na randa yake bado mkononi. Khamisa aliinuka akaingia jikoni bila kuambiwa.

Msabah alikuwa kijana msafi, shati limepigwa pasi, na adabu yake haikuwa na kasoro. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimefurahi sana. Nyumba hii nimekulia. Fundi Hamad alinichongea gari la mbao nlipokuwa mdogo, unakumbuka? Lilikuwa na usukani." Alitazama kuta pole pole, moja baada ya moja. "Imependeza. Utadhani inauzwa."

Wanawake walicheka. Mwanakheir naye alicheka.

"Na fundi mwenyewe yuko wapi? Harusi ya binti yake hii."

"Jozani. Tumempelekea salamu."

"Salamu zinapotea njiani," alisema Msabah. "Jumamosi nnakwenda kusini na Landrova. Nnapita hapo hapo Jozani. Nitamchukua mwenyewe nije naye. Haifai binti aolewe baba yuko msituni na kima."

Ukumbi mzima ulishangilia. Bi Mize alimpigapiga mpwa wake mgongoni, macho yanamlenga machozi kwa fahari.

"Mungu akujaalie," alisema Mwanakheir.

Wageni walipotawanyika alimfuata Khamisa jikoni. Walisemezana wameinamia chungu ili anayepita dirishani aone watu wanapika.

"Anajua," alisema Mwanakheir. "Anatuchezea kama paka."

"Au hajui. Labda anataka kweli kumleta baba."

"Ndio mbaya zaidi! Akifika Jozani asimkute?"

"Basi tuondoke leo."

"Kwa ruhusa gani? Utapita wapi pale bandarini bila karatasi ya kusafiria? Na tukitoka mikono mitupu, baba yako Tanga analala kwenye jamvi la watu."

Khamisa alikoroga chungu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, mtoto pekee, mwepesi wa kucheka kabla mambo hayajaanza. "Msabah ananitazama, mama," alisema. "Tangu zamani. Hata siku ile waliyomchukua baba, alikuwa ananitazama mimi."

Mwanakheir alimsikia, lakini woga wa Jozani ulikuwa umemjaa, maneno yale hayakupata pa kukaa.

*

Jumamosi Landrova ilirudi kabla ya magharibi. Wanawake walisikia mlio wake wakaanza kuimba, wakatoka uchochoroni na makofi kumpokea baba wa bibi harusi.

Mwanakheir alisimama dirisha la juu. Alimwona Msabah akishuka. Akamwona akifunga mlango wa gari nyuma yake. Hakushuka mwingine.

Nyimbo zilikatika.

"Ana homa," Msabah aliwaambia. "Yuko kitandani kwa watu wa kule, hajiwezi. Imbeni tu, ametoa ridhaa yake. Mama yuko juu?"

Mwanakheir alisikia hatua zake ngazini. Alifikiri ameokoka. Ama Msabah amedanganywa na mtu wa Jozani, ama Mungu ameleta miujiza. Aliketi kwenye mkeka akajitengeneza uso.

Msabah aliingia, akaegesha mlango, akaketi mbele yake kwa heshima, miguu ameikunja.

"Mama, Jozani hakuna fundi Hamad. Wala hajapata kufika."

Mwanakheir alifungua mdomo.

"Usiseme. Ukisema utasema uongo, nami sipendi mama mzima aseme uongo mbele yangu. Nimewaambia wenzangu kwamba nimemwona kwa macho yangu. Nimewaambia ana homa. Nikisema mimi nimemwona, hakuna atakayekwenda kutazama tena. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu, mwanangu." Machozi yalimtoka. Alitaka kumshika mkono. "Mungu akulipe. Mungu akulipe kila la kheri."

"Ngoja," alisema Msabah kwa upole. "Nimeuliza na Tumbatu. Tuna mwenzetu wa kule. Hakuna Simai anayeoa Malindi Ijumaa."

Chini walikuwa wameanza kuimba upya.

"Mtaa mzima umeshajitayarisha. Shangazi yangu amekopesha masufuria yake yote. Bwana harusi asipokuja, watu watauliza, na mimi nitaulizwa nilimwona nani Jozani." Msabah alitazama vidole vyake. "N'na mke mmoja, dini yetu inaniruhusu. Nimewaambia wenzangu fundi ametoa uwakala kwa imamu aozeshe. Nimewaambia ameniridhia mimi."

Mwanakheir aliziona kuta zile nyeupe zikimsogelea. Alizipaka kwa mikono yake. Aliita watu, akatandika mikeka, akataja siku. Alichobakisha ni jina la mume tu, na mume huyo hapa, amekaa mbele yake amevua viatu.

"Ni mtoto," alisema. "Hajataka."

"Muulize."

Hapo hapo, chini, ilisikika sauti ndogo ya mtu mnene. "Hodi! Bi Mwanakheir yupo? Nimekuja na shahidi wangu!"

Msabah aliinuka akaenda dirishani. "Mabrouk wa nyama," alisema. "Shahidi wa nini?"

Mwanakheir aliinuka haraka kumtoa dirishani. Hajamfikia, mlango ulifunguka. Khamisa aliingia na sinia la kahawa, na kwa namna alivyolishika, mamake alijua kwamba alikuwa ngazini muda wote.

Aliweka sinia chini. Alimwamkia Msabah kama wageni wanavyoamkiwa, macho chini.

"Shahidi wa nyumba," alisema. "Mama anaiuza. Tulikuwa tunaona haya kukwambia."

"Khamisa!" alisema Mwanakheir.

"Nimekubali kuolewa nawe," Khamisa aliendelea. "Lakini mimi sitakaa Malindi, nitakaa kwako mtaa wa Amani, kama mkeo anavyokaa. Na mama hawezi kubaki peke yake nyumba kubwa hii, baba mgonjwa, ngazi kama hizi. Iuzwe. Mabrouk anaitaka, ila anataka mtu wa kamati awe shahidi."

Msabah alimtazama muda mrefu. Mwanakheir naye alimtazama, na hakumtambua.

"Na mahari?" aliuliza Msabah.

"Sitaki mahari ya fedha. Mama ana ugonjwa wa macho. Mpatie ruhusa ya kwenda Dar es Salaam akatibiwe kabla ya Ijumaa. Hiyo ndiyo mahari yangu."

"Macho," alisema Msabah, akatabasamu kidogo. Aligeuka kwa Mwanakheir, akamtazama yale macho yaliyojaa machozi. "Kweli, yanaonekana mabaya. Hilo dogo. Jumatano kuna meli."

Basi wakashuka wote. Mabrouk alipomwona mtu wa kamati ameshika kalamu, nusura aanguke. Kisha alielewa anachopewa, akachangamka. Karatasi iliandikwa juu ya meza ya Hamad mwenyewe. Msabah alitia mkono wake kwa hati nzuri ya shule. Fedha zilifungwa kwenye leso, na nyumba ya marehemu baba yake Mwanakheir ikawa ya muuza nyama.

Bi Mize alipoambiwa bwana harusi amebadilika na ni mpwa wake, alikaa kitako kwa mshangao, halafu akapiga vigelegele kuliko vya mara ya kwanza.

*

Mwanakheir alimvuta binti yake juu, akaegesha mlango. Alimkumbatia mpaka akamwumiza.

"Sijapata kuona akili kama yako! Nilidhani nakufa. Sasa sikiliza. Jumatano tunatangulia mapema bandarini, wewe utajifunika buibui langu la zamani, utasema unanishika mkono kwa kuwa sioni..."

"Ruhusa ni ya mtu mmoja, mama."

"Tutapenya. Mgonjwa wa macho haendi peke yake."

"Mama." Khamisa alijitoa mikononi mwake taratibu. "Nikikosekana mimi, wataisimamisha ile meli kabla haijatoka Malindi. Watakushusha na leso yako. Kisha watamuuliza Msabah alimwona nani Jozani, naye atawataja wote aliowaficha na asiowaficha. Baba watamfuata hata huko Tanga."

"Unasema nini?"

"Wewe utaondoka. Mimi nitaolewa."

"Ulisema ili kumpumbaza! Ulisema ili atie mkono!"

"Nlisema kwa sababu ndivyo itakavyokuwa."

Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. Na hapo ndipo Mwanakheir alipoona mikono yake. Khamisa alikuwa ameikunja ngumi chini ya kanga, yote miwili, anaikandamiza tumboni isionekane.

Mwanakheir alikimbilia dirishani. Mabrouk alikuwa anakwenda zake na karatasi amekunja kifuani, Msabah yuko ubavuni pake, wanazungumza kama watu waliojuana miaka. Walikuwa karibu kufika kona.

"Mama, usifanye," alisema Khamisa nyuma yake. "Mama, tafadhali."

"Msabah!" Mwanakheir aliita. "Msabah, rudi!"

Bi Mize aliacha upawa ndani ya sufuria. Msabah alisimama, akainua uso, akamtazama pale dirishani kwa muda. Kisha alimpa Mabrouk mkono wa kuagana, akageuka, akaanza kurudi kwa mwendo wake ule ule wa taratibu, akavua viatu mlangoni.

Hatua zilianza kupanda ngazi. Khamisa alikuwa amemshika mamake upindo wa kanga na hauachii. Na Mwanakheir, aliyemwita ili aivunje harusi, alikuwa hajui atamwambia nini.